Kwanza nionyeshe fomu

Maswali yamekuja mengi, na zaidi ya nusu ni lile lile limebadilishiwa nguo: kura zetu zimekwenda wapi? Nimechagua machache. Mliotuma picha ya sanduku lililopasuka bila kusema ni la wapi, la mwaka gani na nani alilipiga picha, msisubiri jibu langu.

Masanduku ya kisiwa cha Ukara yalishushwa Bugolora usiku wa manane. Kura zilikuwa ziwani muda wote huo bila kuhesabiwa. Huo si wizi? (Msomaji, Ukerewe)

Hapana, na hili nitalijibu kwa kirefu ili nisiulizwe tena. Kura hazisafirishwi kwenda kuhesabiwa. Zinahesabiwa palepale kituoni, mbele ya mawakala wa vyama, baada ya kituo kufungwa saa kumi jioni na waliokuwa kwenye foleni kumaliza. Kinachopakiwa kwenye boti ni sanduku ambalo kazi yake imekwisha na limefungwa kwa lakiri. Boti ichelewe kwa upepo au iishiwe mafuta katikati ya ziwa, hesabu haiongezeki wala haipungui, kwa sababu imeshaandikwa kwenye fomu, zile tulizozizoea kwa majina ya 21A ya rais, 21B ya mbunge na 21C ya diwani. Wakala anapewa nakala, na nyingine inabandikwa nje ya kituo.

Mwaka 2010 nilikuwa wakala kwenye darasa la shule moja huku Igogo, Mwanza. Umeme ulikatika. Msimamizi wa kituo akaweka chemli juu ya meza ya mwalimu, karani akawa ananyanyua karatasi moja moja, anaigeuza tuione, anataja jina. Wadudu wa ziwani walikuwa wengi mpaka wanatuingia mdomoni. Kuna karatasi tuliibishania dakika kumi nzima: ina alama mbili au ina alama moja na mdudu aliyekandamizwa? Msimamizi akaikwangua kwa ukucha. Alikuwa mdudu, kura ikapona.

Tulianza mawakala wanne. Saa tatu usiku, wakati wa kusaini, tulibaki wawili. Mmoja aliahidiwa na chama chake kwamba ataletewa chakula, hakikuletwa, akatoka kutafuta chipsi na hakurudi. Wa pili sijui aliishia wapi. Kesho yake, chama cha yule wa chipsi ndicho kilichopiga kelele kuliko vyote kwamba kimeibiwa kwenye kituo chetu. Nilipomuuliza kiongozi wao nakala yao ya 21B iko wapi, akaniambia mimi nimenunuliwa.

Sisemi wizi haupo. Wakala anaweza kutolewa nje kwa nguvu. Anaweza kunyimwa nakala. Tarakimu zinazosomwa kwenye majumlisho zinaweza kutofautiana na zilizobandikwa mlangoni. Hayo yapigieni kelele, na yote yanamtaka mtu aliyekuwepo. Kwa hiyo achana na boti. Niambie nakala ya wakala wako wa Ukara inasema ngapi na iliyosomwa kwenye majumlisho Nansio inasema ngapi. Huna ya kwanza? Basi huna kesi, una simulizi ya safari ya usiku.

Naruhusiwa kukaa mita 200 kutoka kituoni kulinda kura yangu? (Kijana, Mabatini)

Swali hili lilikwenda Mahakama Kuu mwaka 2015, siku mbili kabla ya uchaguzi, na jibu likawa piga kura urudi nyumbani, iwe mita 200 au 300. Wa kulinda kura ni wakala aliye ndani. Wewe wa nje unalinda ukuta wa shule.

Kituoni kwetu kura 8 zilikataliwa na 4 ziliharibika. Hizo 12 zilikuwa za mgombea wetu, kwa nini hazikuhesabiwa? (Igoma)

Umejuaje zilikuwa za mgombea wenu? Tuanzie hapo, kwa sababu kura ni ya siri.

Halafu hayo ni mambo mawili, acheni kuyachanganya kila mwaka. Karatasi iliyoharibika ni ile mpiga kura mwenyewe ameikosea kabla ya kuitumbukiza, akairudisha akapewa nyingine. Haikuingia sandukuni, kwa hiyo hakuna aliyenyimwa kitu. Iliyokataliwa imetoka sandukuni: mtu kaweka vema kwa wagombea wawili, kaacha tupu, au kaandika jina lake kabisa kama anasaini hundi. Hii inahesabiwa pia, ila kwenye fungu lake. Wakala asiyeridhika na kukataliwa kwake anapinga hapohapo na pingamizi linaandikwa. Akitaka hesabu yote irudiwe, anaomba kabla msimamizi hajafunga kazi. Akinyamaza hapo, asije kunipigia mimi simu wiki mbili baadaye.

Na kuna hesabu ya darasa la tatu ambayo wagombea wengi hawawafundishi mawakala wao. Tuseme kituo kilipokea karatasi 450. Sandukuni zimetoka 311, yaani halali 303 na hizo 8 zilizokataliwa. Zilizoharibika 4. Ambazo hazikutumika 135. Jumlisha: 311, 4 na 135 ni 450. Ikija 450, kelele za karatasi za ziada kwenye kituo hicho hazina pa kusimama. Ikija 460, usisaini bila kuandika malalamiko yako. Kalamu na kikokotoo cha simu ya batani vinatosha.

Kwa nini Tume ya Uchaguzi haikuhesabu vizuri kura zetu za mwenyekiti wa mtaa, Novemba 2024? (Buhongwa)

Uchaguzi ule uliendeshwa chini ya TAMISEMI, ofisi ya Serikali inayosimamia serikali za mitaa, si Tume. Umegonga mlango wa jirani, na wewe ni wa tano wiki hii.

Mbunge wetu alipita kwa wizi, kila mtu anajua. Tuanzie wapi? (Bunda)

Bunda mnaniuliza mimi? Ninyi ndio mngetufundisha. Mwaka 1995 Stephen Wasira, akiwa chama cha upinzani cha NCCR-Mageuzi, alimshinda Joseph Warioba, mtu aliyekuwa Waziri Mkuu. Warioba hakukaa barazani kulalamika, alikwenda Mahakama Kuu na ushindi ule ukatenguliwa, rufaa nayo ikagonga mwamba. Na angalieni ulitenguliwa kwa lipi: mambo yaliyofanyika wakati wa kampeni. Sanduku lenyewe halikuwa shida. Miaka 20 baadaye, Wasira huyohuyo, sasa CCM, akashindwa na Ester Bulaya Bunda Mjini. Wapiga kura wakafungua shauri kupinga, wakashindwa.

Mnaanzia mahakamani basi, na mapema, kwa sababu siku za kufungua shauri ni chache. "Kila mtu anajua" si shahidi, hali kiapo. Na haitoshi kuonyesha kwamba sheria ilivunjwa. Jaji atataka kuona kwamba kuvunjwa huko kuligusa matokeo. Mbunge akishinda kwa kura 9,000 na ninyi mna kituo kimoja chenye kasoro ya kura 60, okoeni nauli zenu.

Kuhusu fedha: zamani sheria ilimtaka mlalamikaji aweke dhamana ya shilingi milioni 5 ndipo shauri lisikilizwe. Shauri lililotoka Nkenge, kule Kagera, la Julius Ndyanabo, ndilo lililoifikisha Mahakama ya Rufani mwaka 2002 kusema sharti lile ni kinyume cha Katiba, maana haki haiwezi kuwa ya wenye milioni 5 peke yao. Bunge likarekebisha sheria, dhamana ikabaki kwa sura nyingine. Tafuteni wakili kabla hamjachangishana.

Sisi huku tulifuta uchaguzi wa rais mahakamani. Ninyi Watanzania mnaogopa nini? (Kisumu)

Karibu, jirani, ingawa umeuliza kwa kejeli. Si woga. Ibara ya 41(7) ya Katiba yetu inasema Tume ikishamtangaza Rais, hakuna mahakama yenye mamlaka ya kuchunguza kuchaguliwa kwake. Ya mbunge tunafungua, ya diwani tunafungua, ya rais mlango una kufuli. Mahakama ya Afrika, ambayo iko hapahapa Arusha, ilisema Julai 2020 kwamba ibara hiyo inakiuka Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu. Mwaka 2024 tukaiongezea Tume neno "Huru" kwenye jina. Kufuli lipo palepale.

Naamini kufuli hilo ndilo linalozaa nusu ya uvumi ninaoletewa hapa. Mtu mwenye ushahidi na mtu mwenye umbea wanafungiwa nje pamoja, basi nani atawatofautisha? Mahakama yenu ya Juu, Septemba 1, 2017, ilifuta ushindi wa rais aliyekuwa madarakani, majaji wanne kwa wawili. Lakini usijisifu sana. Uchaguzi wa marudio Oktoba 26 haukufanyika Kisumu, Siaya, Homa Bay wala Migori. Kufuta ni sehemu rahisi.

Ninachowaonea wivu ni kitu kingine. Mwaka 2022 fomu zenu 34A, za matokeo ya rais, kutoka vituo zaidi ya 46,000 ziliwekwa mtandaoni, kila mwenye simu akajumlisha mwenyewe. Waliokwenda mahakamani kupinga walishindwa, na karatasi ilikuwa wazi kwa wote. Tume yetu ikinisoma: picha ya kila 21A, kila kituo, mtandaoni, usiku uleule. Haihitaji kubadilisha Katiba.

Fomu ikichezewa nitajuaje? (Sengerema)

Tarakimu zilizokatwa na kuandikwa juu yake bila sahihi pembeni. Mwandiko mmoja kwenye fomu za vituo kumi. Kule Malawi, matokeo ya rais ya 2019 yalifutwa Februari 2020 kwa kasoro nyingi, na iliyokumbukwa na watu ni fomu zilizopakwa ule wino mweupe wa kufutia. Uchaguzi uliporudiwa, mpinzani akashinda. Chupa ya wino ule inauzwa stationari yoyote hapo Makoroboi, kwa hiyo piga picha fomu ya mlangoni kabla hujaenda kulala.

Wakala wetu alisaini fomu tupu saa tano asubuhi ili awahi samaki Mwaloni. Sasa tarakimu si zetu. Tufanyeje? (Kirumba)

Hakuna. Mpinzani wenu ataitoa fomu hiyo mahakamani, na sahihi ya kwanza kusomwa itakuwa ya wakala wenu. Samaki aliwapata?