Feni zinazunguka, skrini nyeusi

Pole ndugu. Umesema kompyuta yako mpya, yenye prosesa (ubongo wa kompyuta) ya Ryzen 5 5600 na madabodi (bodi kuu) ya B450, inazungusha feni lakini haitoi picha. Kompyuta mpya kuwasha feni na taa huku skrini ikibaki nyeusi haimaanishi madabodi imeungua, mara nyingi ni kitu kidogo tu.

Kwanza, kebo ya skrini umeichomeka wapi? Ryzen 5 5600 uliyoitaja haina grafiki (sehemu ya kutengeneza picha) ndani yake, kwa hiyo tundu la HDMI la kwenye madabodi halitatoa picha kamwe. Hamishia kwenye kadi ya grafiki. Halafu angalia pembeni mwa prosesa, upande wa juu: pale pana tundu la umeme la pini 8, nalo lina kebo yake. Ile kebo kubwa ya pini 24 peke yake huzungusha feni, na ndiyo inayowapotosha wengi.

Ramu (vijiti vya kumbukumbu) nayo: zima, chomoa waya ukutani, toa zote mbili, rudisha moja kwenye nafasi ya pili kutoka kwenye prosesa. Kandamiza mpaka usikie ikilia "ta". Inataka nguvu kweli.

Bado? Hapo mimi nashuku BIOS, programu ndogo ya madabodi inayoiwasha kompyuta. Madabodi za B450 zilitoka 2018, prosesa yako ni ya 2022. BIOS ya zamani haiitambui kabisa. Tazama kama nyuma kuna kitufe cha kusasisha BIOS kwa flashi. Kama hakipo, tafuta fundi mwenye Ryzen ya zamani akusasishie. Tafadhali usirudishe chochote dukani kabla ya hapo.