Mahubiri ya kitanzini yalikuwa ya nani?

Swali la wiki hii lilikuwa: mhubiri anayesimama kando ya mtu anayeuawa hadharani, anamfaa anayekufa au anawafaa wanaomuua? Mimi ni mlokole wa Kabale, wilaya ya Kigezi huko Uganda, na nasema tuangalie kwanza uso wake ameuelekeza wapi.

Katika makoloni ya Waingereza kule Marekani, Wapuritani, Waprotestanti wenye msimamo mkali, walimleta mhukumiwa kanisani, akahubiriwa mbele ya umati, kisha akapelekwa kunyongwa. Boston, tarehe 11 Machi 1686, watu walijazana kumtazama James Morgan, aliyehukumiwa kwa kuua akiwa amelewa, hadi ikahofiwa roshani ya kanisa itaanguka, ibada ikahamishiwa kanisa jingine. Mchungaji kijana, Cotton Mather, akafuatana naye njiani akimhimiza atubu. Mazungumzo yao yakachapishwa baadaye. Sisemi Morgan hakutubu kwa kweli. Hilo ni la Mungu. Ila toba yake iligeuzwa somo kwa wengine: tazameni ulevi unavyomfikisha mtu. Hakimu hakuambiwa neno.

Samson Occom alinigusa zaidi. Alikuwa mchungaji wa kabila la Wamohegan, wenyeji wa asili wa Marekani, na tarehe 2 Septemba 1772 alihubiri huko New Haven wakati wa kunyongwa kwa Moses Paul, mwenyeji mwenzake wa nchi ile, aliyehukumiwa kwa kumuua mzungu. Paul mwenyewe ndiye aliyeomba Occom ahubiri. Neno lilikuwa lile la Warumi 6:23, mshahara wa dhambi ni mauti, na makemeo hayakukosekana. Lakini Occom alimgeukia Paul akamwita mfupa katika mifupa yake na nyama katika nyama yake. Yule mtu hakufa kama mfano tu wa kutisha watoto. Alikufa akiwa na ndugu.

Hapa kwetu Kabale, tarehe 10 Februari 1973, serikali ya Idi Amin iliwapiga risasi vijana watatu uwanjani, watu wakiwa wamekusanywa watazame. Askofu Festo Kivengere wa Kigezi aliruhusiwa kuzungumza nao. Kwa maelezo yake mwenyewe, aliwaendea akiwa hajui la kuwaambia, nao wakageuka nyuso zikiwa na furaha. Mmoja akawahi kusema: alikwisha kumpokea Yesu akiwa kizuizini, na mkewe aambiwe asihangaike. Wenzake nao wakashuhudia hivyo hivyo, mikono ikiwa na pingu.

Sisi tuliolelewa katika uamsho wa Kigezi tunaijua toba ya hadharani. Mtu husimama mwenyewe, anataja dhambi yake, anarudisha alichoiba. Wale watatu walikuwa wamefika huko bila kusukumwa na mchungaji yeyote. Askofu akaona hawahitaji mahubiri yake. Akawageukia askari wenye bunduki, akawafasiria maneno ya vijana kwa lugha waliyoielewa. Katika habari zote za namna hii nilizosoma, huyo ndiye mhubiri pekee niliyemwona akiwapelekea Neno wale walioshika silaha.