Nyimbo za Bikira Maria kwa kigango chako

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili, ya pili nikiwa na miwani. Unasema paroko amekupa hadi mwezi wa Rozari, Oktoba, uwe umewafundisha waamini wa kigango nyimbo tatu za Bikira Maria, na hapo mezani una karatasi thelathini za nota. Unaniuliza uchague zipi, maana watu wako wamezoea kukaa kimya na kuisikiliza kwaya.

Zile za sauti nne ziweke kando. Ni tamu, nami nimezifundisha miaka mingi hapa Nyakato, lakini huo ni wimbo wa kwaya. Wewe unatafuta ule ambao mama anayeanika dagaa mwaloni, pale ufukweni wanakoshusha samaki, ataukumbuka kesho yake, mikono ikiwa na kazi na karatasi hana. Kiitikio kiwe kifupi na kisipande sana. Mwanaume aliyekesha ziwani hawezi kufuata soprano yako saa moja asubuhi.

Halafu fanya hivi. Kila karatasi, soma maneno yake kwa sauti kabla ya kugusa kinanda, kama unavyoongea sokoni. Kiswahili chetu hukaza silabi ya pili kutoka mwisho: Ma-RI-a, bi-KI-ra, utuo-MBE-e. Ukishasoma, imba. Tuni nyingi za zamani zilikuja na wamisionari, zimetungwa kwa maneno ya kwao. Kiswahili kiliingizwa baadaye, kama mguu kwenye kiatu cha mtu mwingine. Ndiyo maana utasikia MA-ria, na “utuombee” inavutwa kwenye “u” mpaka pumzi inaisha kabla hujaombewa. Muumini hajui kosa liko wapi. Anachojua ni kwamba mdomo unakwama, basi ananyamaza, na sisi walimu tunamwita mvivu. Nadhani hapo karatasi thelathini zitabaki kumi.

Katika hizo kumi, angalia Maria anafanya nini ndani ya wimbo. Papa Paulo VI aliandika mwaka 1974 kwamba ibada kwa Bikira Maria inapaswa kuwa na alama ya Biblia, akaonya juu ya hisia tupu zisizozaa kitu. Mimi nina kipimo changu cha kienyeji: kama beti zote tatu ni maua, nyota na machozi, na Yesu hajatajwa hata mara moja, huo urudishe kwenye faili.

Ningekuwa wewe ningeanza na Salamu Malkia. Watu wako wanaisali kila wanapomaliza rozari kwenye jumuiya, maneno tayari wanayo, kwa hiyo unafundisha tuni tu. Wa pili, utenzi wa Maria mwenyewe, Luka 1:46-55. Tafuta tuni ambayo mmoja anaanzisha na wote wanaitikia, ndivyo Wasukuma tunavyoimba hata shambani. Wenye njaa wanashibishwa, matajiri wanaondoka mikono mitupu: watu wa mwaloni hawahitaji kuelezwa hayo. Wa tatu chagua mwenyewe, unawajua kuliko mimi.

Ila angalia majira. Mwaka mmoja nilifundisha kanisa zima wimbo wa Maria kwa ajili ya Kupashwa Habari, tarehe 25 Machi, na kiitikio chake kilikuwa na aleluya. Akili yangu ilikuwa kwenye sauti tu, nikasahau kwamba tuko Kwaresima, na Kwaresima aleluya haiimbwi. Paroko aliinua kichwa kutoka kwenye misale akanitazama, nami nikatazama kinanda. Kilichoniuma zaidi, siku hiyo waliimba vizuri kuliko siku zote! Aleluya subiri Pasaka, uwafundishe Malkia wa Mbingu, ambayo husaliwa badala ya Malaika wa Bwana mpaka Pentekoste.

Kuhusu siku za mazoezi, usipange kwa kalenda ya ofisi. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, kwa hiyo mwezi ukiwa mpevu wavuvi wako wapo nyumbani. Tumia siku hizo. Fundisha dakika kumi kabla ya Misa, kiitikio peke yake, bila kinanda, na kwaya isimame katikati ya watu, wasikae kule mbele. Beti watazipata baadaye. Jumapili ya tatu nyamaza katikati ya kiitikio uone kama wanaendelea bila wewe.

Mama yako anakusalimu. Anasema siku hizi daraja la Kigongo–Busisi limetuondolea kisingizio cha kivuko, kwa hiyo mwezi ukijaa tutakuja. Mimi nitakaa benchi la nyuma kabisa, karibu na mlango, wasikoimba kamwe.

Baba yako