Ada ya mama, ada ya watoto: kusoma chuo ukiwa na familia

Kila mwaka dirisha la udahili likikaribia, simu za walimu wenzangu huanza. Swali ni lilelile: "Mwalimu, uliwezaje?" Wengi wanaamini nilikuwa na mfadhili, au mume wangu ana fedha ambazo hazionekani. Mume wangu analima mpunga na kutengeneza pikipiki hapa wilayani Kilosa. Mimi nilianza kazi na cheti cha ualimu cha Daraja la Tatu A. Tuna watoto watatu. Nimesoma stashahada, kisha shahada ya elimu katika Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, na hatukuuza kiwanja. Ushauri wangu wote unatoka mahali pamoja: mwenye familia asome kwa mwendo wa mfuko wa nyumba yake. Kama mwenzako kamaliza ndani ya miaka mitatu, mpongeze, kula pilau yake, rudi nyumbani uendelee na mahesabu yako.

Niliwaza hivyo tangu mwanzo, ndiyo maana nikachagua Huria. Chuo hiki kilianzishwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1992 na kupokea wanafunzi wa kwanza mwaka 1994, na kina vituo mikoani, kwa hiyo mtu hahitaji kuacha kazi wala kuhamia Dar es Salaam. Kwangu mimi, uzuri wake mkubwa uko kwenye malipo. Ada unalipia kozi ulizojisajili. Chuo cha kawaida kitakwambia ada ya mwaka ni hii, lete nusu ndipo usajiliwe, nusu nyingine kabla ya mitihani. Huria, mwaka ambao mpunga umekubali unachukua kozi nyingi, na mwaka ambao mvua imekataa unachukua mbili tatu, maisha yanaendelea. Ndiyo, utachelewa kumaliza. Mimi nilichelewa, na sijaona hasara yake mpaka leo.

Walioko mijini wana njia nyingine. Vyuo kama CBE (Chuo cha Elimu ya Biashara) na IFM (Chuo cha Usimamizi wa Fedha) vina masomo ya jioni kwa watu walio kazini. Kabla hujashawishika, keti na mtu anayesoma huko umuulize anafika nyumbani saa ngapi na anatumia nauli kiasi gani kwa wiki. Ukitoka darasani katikati ya jiji saa mbili usiku na unaishi Mbagala au Chanika, kuna siku utapanda bodaboda. Zidisha hiyo bodaboda kwa muhula mzima, halafu ulinganishe na ada.

Kuhusu Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, niwaokolee muda. Masharti yake yanamtaka mwombaji awe na umri usiozidi miaka 35 na asiwe na ajira inayompa kipato. Tangu ianze kazi mwaka 2005 imesomesha vijana wengi sana, na huenda mwanao akafaidika nayo, lakini mwalimu wa miaka 38 mwenye mshahara hahesabiki. Usijenge bajeti yako juu ya mkopo huo. Kilichonipa mimi upenyo ni kingine kabisa: tangu mwaka 2016 shule za msingi na sekondari za serikali hazitozi ada hadi kidato cha nne, na mwaka 2022 kidato cha tano na sita vikaingizwa. Sare zipo, chakula cha mchana kipo, michango ya hapa na pale ipo, sitaki kumdanganya mtu. Ila ile ada iliyokuwa ikinikosesha usingizi iliondoka, na nafasi iliyobaki ndiyo nikaiombea kibali nyumbani.

Nimesema kibali kwa makusudi. Watu wanajaza fomu kwanza, mume au mke anaambiwa baadaye, wakati ada ya kwanza imeshatoka kwenye hela ya mbolea. Sisi tulikaa mezani na daftari la kaunta buku, tukachora miezi kumi na miwili kwenda chini, na mbele ya kila mwezi tukaandika kinachoingia na kinachotoka bila mtu kubisha. Mshahara ulikuwa mstari ulionyooka. Mstari wa mpunga ulikuwa mtupu hadi mwezi wa sita. Hela ya pikipiki tuliiandika kwa penseli, maana leo ipo kesho haipo. Mume wangu akaweka kidole kwenye Januari akasema, "Mama Neema, huu usiuguse." Januari ni madaftari, viatu, sare, watoto wamekua kwa pamoja kana kwamba walipanga. Tukaizungushia wino mwekundu, na katika miaka yote ya masomo sikulipa chuo hata shilingi mwezi huo.

Daftari lile lilituonyesha pia kwamba ada si adui mkubwa. Ada inajulikana mapema, unapewa namba ya malipo, unalipa, unapata risiti. Shida iko kwenye vitu vidogo vinavyokuja bila barua. Nauli ya kwenda kituoni Morogoro mjini. Kulala huko wakati wa mitihani. Kutoa kopi na kuprinti. Bando. Ada ya Tume ya Vyuo Vikuu, shilingi 20,000 kwa mwaka, ambayo ni ndogo lakini inakukuta hela imeisha. Vyuo vingi hudai pia bima ya afya, na bima ya mwanafunzi ya NHIF, yaani Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, kwa miaka mingi imekuwa shilingi 50,400. Hapa wengi wanapoteza hela bure: kama wewe ni mtumishi, au umo kwenye kadi ya mwenzi wako, tayari una bima. Peleka nakala ya kadi kabla ya kulipa.

Tuzungumzie malazi ya mitihani, maana ndiyo yaliyokuwa yakiniumiza kuliko yote. Ratiba haikufuati wewe. Una mtihani Jumatatu, mwingine Alhamisi, na kurudi Kilosa katikati yake ni kula nauli mara mbili. Gesti ya wiki nzima pamoja na chakula cha mgahawani inaweza kulipia kozi. Mimi nina wifi yangu anaishi Kihonda, hapo Morogoro mjini, lakini kwenda kwa wifi mikono mitupu kila mitihani si adabu, na hata kama hasemi, jiko linasema. Kwa hiyo nilikuwa nikishuka stendi na debe la mchele wetu, maharage, na kuku mmoja mguu umefungwa kamba. Asubuhi nafagia uwanja kabla sijafungua daftari. Wifi akaanza kunipigia simu mwenyewe kuuliza mitihani ni lini. Usiyekuwa na ndugu mjini, tafuta wanafunzi wenzako watatu wanne mchange chumba kimoja na mpike wenyewe. Hao hao mtashirikiana kuprinti: nakala moja ya maelezo inatosha watu wanne, na kalamu za rangi hazina kazi kwenye karatasi ya kuazimana.

Sasa hela yenyewe. Mshahara wa mwalimu haukuachii rundo la ada mezani, lazima rundo ulitengeneze. Shuleni kwetu tulikuwa na mchezo wa walimu kumi, kila mmoja elfu thelathini kwa mwezi, anayepokea anaondoka na laki tatu. Kila mtu anapenda kupokea mwanzo. Mimi niliomba zamu ya mwezi wa kumi, mwezi ambao mwaka wa masomo unafunguliwa, na hakuna aliyenigombania kwa sababu wengine walikuwa wanawaza Januari na Pasaka. Pembeni nilikuwa na kikoba, hisa chache tu kila wiki, kwa ajili ya nauli na mitihani. Kikundi chetu siku hizi kinaweka kupitia M-Koba, huduma ya akiba za vikundi kwenye simu, kila mwanachama anaona kwenye simu yake kilichoingia, na tangu hapo maneno ya chinichini kuhusu mweka hazina yamepungua sana. Mchezo wa ada usiuchanganye na kikoba cha nauli. Ukivichanganya, siku mtoto anaumwa utachota popote.

Mpunga ulikuwa na kazi yake pia. Huku kwetu ukivuna, mwezi wa sita hadi wa nane, kila mtu anauza na walanguzi wanajua hivyo. Tulikubaliana magunia machache yasiuzwe wakati huo kwa sababu yoyote isipokuwa ugonjwa. Yanakaa stoo hadi mwezi wa kumi na mbili au kuendelea, bei ikishapanda, ndipo yanalipia kozi za nusu ya pili ya mwaka. Si kila mtu ana shamba, najua. Mwenye genge, mwenye cherehani, mwenye ng'ombe wa maziwa, kila biashara ina mwezi wake wa neema, na hela ya mwezi huo ndiyo ipewe jina la chuo kabla haijapata jina lingine.

Na michango ya harusi. Jamani. Unaunganishwa kwenye kundi la WhatsApp bila kuulizwa, unakuta kadi ina jina lako na kiwango kimeshaandikwa, kamati ina mwenyekiti anayekukumbusha kila Jumapili. Nikakadiria tulivyotoa kwa mwaka mmoja, nikanyamaza kidogo. Tukaamua kiasi cha mwaka mzima kwa ajili ya michango yote, kikiisha kimeisha, na misiba haihesabiwi humo kwa sababu msiba haupangiwi. Kwa walioomba zaidi nilijibu kwa heshima: "Mwaka huu ninajisomesha, nitakuja kupika." Na nilikwenda kupika kweli. Shangazi mmoja alinuna, ikapita. Nyuma ya sufuria za harusi nimejadili mada nyingi za saikolojia ya elimu kuliko nilivyojadili kwenye makundi ya wanafunzi.

Mikopo niiguse kwa tahadhari. Mkopo wa elimu wa SACCOS ya walimu, wenye riba ndogo na unaoisha ndani ya mwaka, hauna ubaya ukiziba pengo moja. Mkopo wa benki wa miaka mingi unaokatwa kwenye mshahara uangalie mara mbili: kwa mtumishi wa umma makato hayatakiwi kukuacha na chini ya theluthi moja ya mshahara wako wa msingi, na ukishafika ukingoni hapo hata dharura ya hospitali huna pa kuikopea. Kausha damu, mikopo ya haraka yenye riba ya kuumiza, achana nayo kabisa, iwe ya mtu wa mtaani au ya kwenye simu. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza programu 69 za mikopo ya mtandaoni zinazofanya kazi bila leseni. Mtu anayeweza kuwapigia simu watu wote uliowahifadhi kwenye simu yako, akiwemo mwalimu mkuu, kwa deni la elfu hamsini, hawezi kuwa mshirika wa elimu yako.

Jambo ambalo walimu wenzangu hawapendi kulisikia ni hili. Wengi wanakopa kwa hesabu ya mshahara wa baadaye. Ni kweli kwenye ngazi za mishahara ya walimu mwenye cheti yuko TGTS B, stashahada TGTS C, shahada TGTS D, na tofauti yake inaonekana mfukoni. Lakini kubadilishwa muundo, yaani kuhamishiwa ngazi ya elimu yako mpya, kunategemea nafasi kwenye ikama (idadi ya watumishi iliyoidhinishwa) na bajeti ya mwaka husika. Unaweza kuvaa joho mwezi wa kumi na moja ukaendelea na mshahara wa zamani kwa muda usioujua. Ukiwa umekopa ukitegemea hiyo D, benki haitasubiri ikama. Na kabla ya yote, pata ruhusa ya masomo kwa maandishi kutoka kwa mwajiri, barua ipitie kwa mwalimu mkuu hadi kwa mkurugenzi wa halmashauri. Wapo waliosoma kimyakimya kwa kuogopa kunyimwa, wakarudi na shahada halali, na wakaanza kuhangaika ofisi hadi ofisi ili itambuliwe kwenye ajira yao. Gharama ya barua ni karatasi na subira.

Watoto waambiwe pia. Wangu walijua kwamba Jumamosi mchana mama hayupo hata kama yupo, mlango ukifungwa anaulizwa baba. Mkubwa alijifunza kupika wali usioungua mwaka ule wa kwanza, na mdogo alikuwa ananiuliza matokeo yangu kabla sijauliza yake, jambo lililonilazimisha kusoma zaidi ya nilivyokusudia.

Ukifika mwaka ambao hesabu zimekataa kabisa, usipotee. Ugonjwa, ukame, mwenzi kakosa kazi, hayo yapo. Andika barua ya kuahirisha masomo kituoni mapema, ipigwe muhuri, ubaki na nakala. Mwanafunzi aliyeahirisha kwa utaratibu anarudi alipoishia. Aliyenyamaza anarudi kwenye maswali. Na risiti zote, hata za miaka ya nyuma, ziweke kwenye faili moja gumu ambalo watoto hawalifikii. Kabla ya mahafali madeni hukaguliwa, na hapo utaulizwa malipo ya mwaka ambao hata simu uliyolipia huna tena. Piga picha kila risiti, ujitumie kwenye barua pepe yako siku hiyohiyo, maana wino wa risiti za mashine hufifia na kubaki karatasi nyeupe.