Fundi wa Stima Anajibu: hita za matofali, redieta za kisasa, na bili ya binti aliye Ulaya

Asalaam aleikum Bwana Fundi. Mimi ni mama wa Kisauni, binti yangu ni nesi huko Leeds, Uingereza, na siku nyingi anafanya shifti ya usiku. Kila nikimpigia simu wakati wa baridi maneno ni yale yale, mama stima, mama stima, na hela anayonitumia imepungua mpaka naona haya hata kuuliza. Nyumba aliyopanga ina zile hita kubwa nzito za ukutani zenye matofali ndani, anasema zinashiba moto usiku. Sasa mwenye nyumba anataka azing'oe aweke redieta za stima za kisasa, ati zinakula kidogo. Akubali? Tena hita zenyewe jioni huwa zishapoa, anachomeka kihita kingine kidogo hadi saa ya kutoka kwenda kazini. Mimi sijui mambo ya waya lakini pesa ikiliwa kule, huku naumia mimi.
Mama Nesi, Kisauni

Waaleikum salaam mama. Usione haya, swali lako ni zuri kuliko mengi ninayoletewa hapa. Mimi kabla sijarudi Mombasa nilifanya kazi za waya huko huko, na hizo hita nazijua kwa mgongo si kwa macho, moja na matofali yake inapita kilo mia na tulikuwa tunapandisha ngazi tofali moja moja.

Umewahi kuona tanuu la mkate wa mofa? Moto unakokwa kwanza, kuni zinaisha, halafu mkate unaivishwa na lile joto la udongo. Hita ya binti yako ni hivyo hivyo. Usiku stima inapasha matofali, asubuhi inakatika yenyewe, mchana kutwa matofali yanatoa joto polepole. Kwa nini usiku? Manake Uingereza kuna mpango wa bei unaitwa Economy 7, upo tangu 1978, stima ya saa saba za usiku inauzwa rahisi, ila ya mchana inauzwa ghali kuliko ya mtu wa bei moja ya kawaida. Hapo kwenye "ila" ndipo watu wengi wanapoumia.

Sasa neno la mwenye nyumba kuwa redieta za kisasa zinakula kidogo. Mama, yuniti moja ya stima ikiingia kwenye hita yoyote inatoka yuniti moja ya joto, basi. Iwe ya mafuta ndani, iwe ya udongo wa Ujerumani, iwe na rimoti na taa za buluu, iwe hita ya pauni ishirini ya dukani, joto ni lile lile. Hakuna redieta ya stima inayotengeneza joto zaidi ya stima iliyoingia. Ubora wa redieta ya kisasa uko pengine, unaiwasha ukiwepo na unaizima ukitoka, na ina themostati nzuri, kile kidude kinachoizima yenyewe joto likitosha. Matofali hayana habari kama upo au haupo, yakishashiba joto litatoka tu.

Kwa hiyo usiulize hita gani inakula kidogo. Uliza binti yuko nyumbani saa ngapi, na saa hizo yuniti ni bei gani.

Tupige hesabu ya mfano, bei huko zinabadilishwa kila miezi mitatu kwa hivyo shika mpango usishike tarakimu. Tuseme mtu wa bei moja analipa peni 26 kwa yuniti, na mtu wa Economy 7 analipa peni 15 usiku na peni 31 mchana. Flati ndogo siku ya Januari, wacha tuseme inataka yuniti 20 za joto mtu akiwa ndani mchana kutwa. Matofali tuyape yuniti 24, manake mengine yatavuja wakati hakuna mtu.

Mtu wa kazi ya ofisi, anatoka asubuhi anarudi jioni, redieta zake anaziwasha saa chache tu, labda yuniti 15, mara peni 26 ni pauni 3 na peni 90. Mwenzake mwenye matofali, yuniti 24 kwa peni 15 ni pauni 3 na peni 60, lakini kupika kwake, friji yake, pasi yake, tuseme yuniti 6 za mchana, kila moja kailipia peni 5 zaidi, hiyo ni peni 30, jumla pauni 3 na peni 90. Wamekwenda sare! Na huyu wa matofali akirudi jioni akute yamepoa akachomeka kihita cha pembeni, kashashindwa. Ndio maana wafanyakazi wa ofisi huzichukia hita hizi, joto linatoka mchana nyumba iko tupu, wao wakirudi ni baridi.

Lakini binti yako si mtu wa ofisi. Anarudi saa mbili asubuhi, na matofali yameshiba saa moja au moja na nusu hivi. Yaani anaingia na tanuu liko moto, analala mchana wote ndani ya joto alilonunua kwa bei ya usiku, halafu saa moja jioni anatoka wakati matofali ndio yanakwisha. Katika watu wote niliowafungia hizi hita sijaona ambaye zinamfaa kama nesi wa usiku. Redieta angeziwasha kutwa, yuniti 20 kwa peni 26 ni pauni 5 na peni 20. Matofali ni pauni 3 na peni 90 pamoja na ile nyongeza ya mchana. Tofauti pauni moja na peni 30 kwa siku, mwezi ni kama pauni 39, kwa shilingi zetu elfu sita na kitu. Hiyo mama ni yako.

Na kuna mtego hapo ambao nimeuona nyumba nyingi, hita za matofali zinang'olewa, redieta zinafungwa, lakini hakuna aliyepigia simu kampuni ya stima kubadilisha bei. Mpangaji anabaki Economy 7, redieta zinawaka mchana kwa peni 31. Zile yuniti 20 zimekuwa pauni 6 na peni 20, na kila mtu analaumu hita. Kwa hivyo mwenye nyumba akishikilia lazima abadilishe, siku ile ile binti aombe bei moja.

Sasa kwa nini jioni zinapoa kabla hajatoka? Nadhani naijua sababu. Juu ya hita kuna vidude viwili vya kuzungusha, kimoja kinaamua usiku itashiba kiasi gani, cha pili kinaamua joto litoke kwa kasi gani. Watu wengi wanakifungua cha pili mpaka mwisho na kukisahau. Yeye akitoka kwenda kazini akifunge kabisa, la sivyo usiku mzima hita inashiba huku inavuja, anapasha nyumba isiyo na mtu. Akirudi asubuhi akiache chini, bati la hita lenyewe lina moto wa kumtosha kulala chini ya duveti. Akiamka saa tisa ndio akifungue. Na cha kwanza akifuatishe hali ya hewa, wiki ya barafu akipandishe, wiki ya mvua za uvuguvugu akishushe, kikibaki juu miezi yote anazinunua yuniti asizozihitaji. Hita mpya za matofali zinafanya haya zenyewe, zimekabwa vizuri joto lisivuje na zina feni, kwa hivyo mwenye nyumba akiwa ana hamu ya kutumia pesa anunue hizo.

Kile kihita cha kuchomeka, cha kilowati 2, kwa saa tatu za jioni ni yuniti 6 kwa bei ya mchana, pauni 1 na peni 86. Kila siku. Hapo ndipo hela yako inapozama mama, si kwenye matofali.

Kitu kingine, apige picha mita akitoka jioni na akirudi asubuhi. Ina hesabu mbili, ya usiku na ya mchana. Usiku yeye hayupo, kinachokula stima ni matofali tu, kwa hivyo iliyokimbia sana lazima iwe ya usiku. Kama ni ya mchana ndiyo iliyokimbia basi saa ya mita imepotea au hesabu zimeandikwa kinyume kwenye bili, na kampuni inatakiwa irekebishe. Hasa kama mita ni ya zamani, nyingi zilikuwa zinaamrishwa kwa mawimbi ya redio, yale yale ya BBC Radio 4 ya masafa marefu, kilohezi 198, na huduma hiyo walianza kuizima Juni 2025. Mita ya aina hiyo isipobadilishwa hita inaweza kuwaka mchana kwa bei ya juu, au isiwake kabisa.

Na mwenye nyumba naye aambiwe kwa adabu, huko England nyumba ya kupangisha lazima iwe na cheti cha matumizi ya nishati cha daraja E au juu yake, tangu Aprili 2020 hata kwa wapangaji wa zamani. Daraja lenyewe linapigwa kwa gharama ya kupasha nyumba, kwa hivyo kutoa matofali ya bei ya usiku na kuweka redieta za bei ya mchana mara nyingi kunashusha daraja lake mwenyewe. Neno hilo litamfanya atulie kidogo. Tena kama hita ni za kabla ya katikati ya miaka ya 1970, baadhi zina asbesto ndani, ambayo vumbi lake linadhuru mapafu, asizipasue na nyundo.

Mwambie binti pia asianike leso juu ya hita, najua tu anaanika.

Fundi, nina vyumba vinne vya wageni Bamburi, maji ni ya kisima, yana chumvi. Mwaka huu nimebadilisha instanti shawa mbili, elementi zimeliwa. Jirani ananiambia niweke tanki la stima la maji moto kila chumba, ati ukishachemsha umechemsha. Ipi nafuu kuendesha?
Mwenye Vyumba, Bamburi

Jirani yako anasema kweli nusu. Kwa stima yetu ya tokeni weka shilingi 30 kwa yuniti kurahisisha. Shawa ya kilowati 4.5 mgeni akioga dakika nane ni yuniti 0.6, shilingi 18. Tanki la lita 50 kutoka nyuzi 27 mpaka 60 linataka karibu yuniti 2, ambayo ukichanganya na maji baridi wanaoga watu watatu. Gawanya uone, ni zile zile shilingi 18, 20. Tofauti ni siku chumba kitupu. Shawa haili kitu, tanki linapoa linajipasha, linapoa linajipasha, unamwogesha jini.

Kuweka joto akiba kuna maana pale stima ya usiku ni rahisi, kama huko kwa Mama Nesi. Hapa Kenya bei ya usiku walianza kupewa viwanda na biashara kubwa mwisho wa 2017, sisi wa majumbani yuniti ya saa nane usiku na ya saa nane mchana bei moja. Sasa akiba ya nini.

Wewe nunua shawa iliyoandikwa kabisa kuwa ni ya maji ya chumvi, elementi yake imevishwa haikutani na maji, ni ghali kidogo lakini hutabadilisha mbili kwa mwaka. Vuta waya wa milimita 6 moja kwa moja kutoka kwenye boksi na breka yake, usining'inizie waya wa soketi. Na waya wa ardhi nakuomba, maji ya chumvi yanapitisha stima kama hayana akili. Sola ni nzuri kwa jua letu, lakini maji hayo ya kisima yasiingie kwenye mirija yenyewe, omba ile ambayo maji yako yanapita kwenye koili pembeni.

Nimenunua redieta ya mafuta kwenye mitumba ya kontena, kutoka Uingereza, nikaushie nguo wakati wa masika. Tokeni zinaruka. Ni mbovu?
Kijana, Mji wa Kale

Si mbovu kaka. Plagi imeingia sawa kwa sababu zetu na zao ni moja, volti pia, na inafanya kazi iliyotumwa. Kilowati moja na nusu kwa saa nne ni yuniti 6, shilingi 180 kwa kukausha kanzu mbili na taulo. Kinachokausha nguo masika ni upepo, hewa ya chumba ishashiba maji, ukiipasha na dirisha umefunga unyevu unahamia ukutani. Chukua feni ya wati 60, fungua dirisha la upande wa pili, iache saa kumi, ni yuniti 0.6, shilingi 18. Hiyo redieta subiri mwezi wa saba uitangaze kwa watu wa Limuru kule kwenye baridi, utapata hela yako yote na ya nauli.