Maswali na majibu: ndege adimu, wa kizimbani na wa msituni

Mwanangu anasoma New Zealand. Nilipokwenda kumtembelea alinipeleka kituo cha kuhifadhi ndege cha Pūkaha, nikaona mayai ya ndege aitwaye kiwi yametolewa msituni na kuwekwa kwenye mashine. Kwa nini wasimwache ndege aangue mwenyewe? – Mama, Tabata

Mama yangu, umefika mahali ambapo wengi wetu tunapasikia tu. Kiwi hana shida ya kuatamia. Shida ni kifaranga: wazazi hawamlishi, hawezi kuruka, na baada ya siku chache tu anatoka shimoni kujitafutia wadudu. Zamani hilo halikuwa na hatari kubwa, maana nchi ile haikuwa na mamalia wa nchi kavu isipokuwa popo. Walowezi wakaleta sungura, sungura wakazidi, na miaka ya 1880 wakaletwa wanyama wa jamii ya kicheche ili wawamalize. Vicheche hao wakawageukia ndege.

Ndiyo maana kifaranga analelewa kituoni mpaka apite kilo moja, uzito unaomwezesha kujitetea kwa mateke. Lakini ulichoonyeshwa ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni mitego iliyotegwa ndani ya msitu wa hekta 942 unaopakana na kituo. Bila mitego hiyo, kuangua mayai ni kuwapikia vicheche.

Shikamoo. Kwa nini na sisi tusijenge kituo kama hicho hapa Dar? – Mwanafunzi, Mlimani

Marahaba mwanangu. Ulizia hapo hapo chuoni kwako habari za chura wa Kihansi, chura mdogo wa bonde la maporomoko ya mto Kihansi, milima ya Udzungwa. Maji ya maporomoko yalipoelekezwa kwenye umeme, bonde lilikauka, na mwaka 2009 chura yule akatangazwa kuwa ametoweka porini. Waliomwokoa ni bustani mbili za wanyama za Marekani, Bronx Zoo ya New York na Toledo Zoo ya Ohio, ambako chura hao walikuwa wakizalishwa. Mwaka 2010 wakarudishwa chura 100, wakatunzwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na 2012 wakaanza kurejeshwa Kihansi. Ila kule bondeni ilibidi yatandazwe mabomba ya kunyunyiza maji ili pawe na unyevu tena. Kwa hiyo utaalamu tunao. Kwa ndege wetu wa pwani, hata hivyo, mimi naona pesa ianzie msituni, kwa sababu msitu bado upo na ndege bado wamo.

Nataka kuwapeleka wanafunzi wa darasa la sita wakaone ndege adimu, bajeti ndogo. Twende wapi? – Mwalimu, Ukonga

Mwalimu, wewe uko jirani kabisa. Nendeni Pugu, kwenye Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Pugu-Kazimzumbwi, inayosimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu. Andika barua mapema, na ombeni mwongozaji. Ondokeni alfajiri, jua likishakuwa kali ndege wananyamaza, na watoto watabaki kuhesabu majani.

Kuna wageni wa heshima mle. Mmoja ni *Anthus sokokensis*, ndege mdogo wa kifua cha michirizi myeusi anayetembea chini kwenye majani makavu. Duniani kote anaishi kwenye vipande vya misitu ya pwani ya Kenya na Tanzania tu. Usiwaahidi watoto kwamba watamwona, ni mgumu kweli.

Waahidi kumtafuta hondohondo. Huyu si adimu kama yule, lakini ndiye atakayewaeleza msitu vizuri zaidi yako na yangu. Jike huingia kwenye tundu la mti mkubwa, akaziba mlango kwa udongo na kinyesi mpaka ubaki ufa mwembamba. Anakaa humo na mayai yake, kisha na makinda. Dume anatafuta matunda, anarudi, anashika gome kwa kucha na kumpenyezea tunda moja moja kwenye ule ufa. Dume akifa, ndani kuna njaa. Sasa waonyeshe watoto kisiki cha mti uliokatwa kwa mkaa. Mti wenye tundu la kumtosha hondohondo ni wa miaka mingi sana, na mkaa wake unaisha jikoni kwa siku chache. Jambo hili linaniuma, kwa sababu sehemu kubwa ya mkaa huo tunaununua sisi wa mjini.

Kunguru wamemaliza makinda ya chozi, yule ndege mdogo anayenyonya maua, kwenye mti wangu. Nifanyeje? – Dada, Sinza

Pole dada. Hawa wenye shingo ya kijivu si wa kwetu. Asili yao ni India, na waliletwa Zanzibar miaka ya 1890. Mitego na sumu vimeshatumika hapa mjini, nao wapo. Kinachowalisha ni taka zetu: funika pipa, usimwage mabaki ya samaki nje, na uwashawishi majirani wafanye hivyo hivyo. Ukifanya peke yako hutaona tofauti.

Je, wapo ndege ambao ni wa Tanzania pekee? – Kaka, Kigamboni

Wapo wengi. Anzia Pemba, msitu wa Ngezi: kuna ninga (njiwa wa kijani) wa Pemba, chozi wa Pemba na bundi mdogo wa Pemba, ambao hutawakuta hata Unguja.

Naruhusiwa kupiga sauti ya ndege kwenye simu ili ajitokeze? – Msomaji, Kisarawe

Usifanye hivyo, hasa kwa walio adimu. Ndege anadhani mpinzani amevamia eneo lake, anaacha kiota kuja kupigana, na mayai yanabaki wazi. Kaa chini ya mti mmoja kwa nusu saa bila kuongea. Wengi watakuja wenyewe.