Kweli TRA haishindwi kwenye kesi za kodi?

SWALI: Nina duka la vifaa vya ujenzi Mbeya. TRA (Mamlaka ya Mapato Tanzania) wameniletea makadirio ya kodi ya shilingi milioni 90 baada ya kuchukua kila pesa iliyoingia benki na kuiita mauzo. Kwa hesabu zangu nadaiwa milioni 10. Wenzangu wanasema nilipe yaishe, eti TRA haishindwi. Ni kweli?

JIBU: Si kweli, ndugu yangu. Inashindwa, tena vizuri tu, pale mfanyabiashara anapokuja na makaratasi. Tatizo ni kwamba Sheria ya Rufaa za Kodi imekutwisha wewe mzigo wa kuthibitisha kuwa makadirio yamezidi au yamekosewa. Kama milioni tano zilizoingia Machi ni mkopo wa vikoba, lete daftari la kikundi lenye saini. Kusema kwa mdomo hakutoshi. Risiti za EFD (mashine ya kielektroniki ya risiti) nazo toa kopi mapema. Niliwahi kuletewa boksi zima la miaka minne nyuma, wino umefutika, karatasi nyeupe pe!

Unaanza na pingamizi kwa Kamishna Mkuu, ndani ya siku 30. Hapo unatakiwa ulipe kiasi unachokikubali au theluthi ya makadirio, kile kilicho kikubwa. Kwako ni milioni 30, si 10. Inauma, najua, na wengi huishia hapo. Ila unaweza kumwomba Kamishna kwa maandishi apunguze au asamehe amana hiyo, ukieleza sababu za msingi.

Akikukatalia pingamizi, nenda Bodi ya Rufaa za Kodi: kusudio la rufaa ndani ya siku 30, rufaa yenyewe ndani ya 45. Juu yake kuna Baraza la Rufaa za Kodi, kisha Mahakama ya Rufani, ambayo husikiliza hoja za kisheria tu. Hoja za namna hiyo ndizo zilizoiangusha kampuni ya mafuta na gesi ya Tullow mwaka 2018: ilidai huduma zilizofanyika nje ya nchi hazina kodi ya zuio (ile ambayo mlipaji huikata kwenye malipo na kuipeleka TRA), mahakama ikasema huduma zimetumika Tanzania na mlipaji yuko Tanzania, kodi ikatwe. Kesi yako si ya huko. Yako ni ya ushahidi, na itaamuliwa Bodi.

Chukua taarifa ya benki na kalamu, andika pembeni ya kila muamala ulikotoka. Usioweza kuueleza, uukubali kwenye pingamizi. Na siku 30 zihesabu tangu barua ilipokufikia, si tangu ulipofungua bahasha.